Nani Aliamua "Snuck" ni Kosa?

Usiku mmoja kwenye televisheni ya Marekani, Conan O'Brien alikuwa anapiga stori na mwigizaji Jennifer Garner, akatumia neno "snuck", yaani aliingia mahali kisirisiri. Garner akamkatiza hapo hapo. Hakuna neno kama hilo, ni "sneaked", na mtu aliyesoma Harvard anafaa kujua. Watu wakacheka. Conan naye hakuiacha ipite: baadaye alikuja na kamusi, na "snuck" ilikuwa ndani.

Hao wawili wamezaliwa wakiongea Kiingereza na bado hawakubaliani kitenzi kimoja kinaendaje kikiwa wakati uliopita. Sisi huku tulifundishwa kama kwamba orodha ya go-went-gone ilishuka kutoka mlimani ikiwa imechongwa kwenye mawe.

Haikushuka. Karne kumi zilizopita, Kiingereza kilikuwa na makundi saba ya vitenzi vilivyoonyesha wakati uliopita kwa kubadilisha irabu ya katikati, kama vile sing inavyokuwa sang. Hiyo ilikuwa kanuni, na mtoto wa kijijini aliimeza bila shida. Kando yake kulikuwa na njia nyingine, ya kubandika sauti ya d au t mwishoni. Hiyo ndiyo -ed ya leo. Halafu mwaka wa 1066 Wanormani wakavuka bahari wakaichukua Uingereza, na kwa miaka mingi wakubwa wakaongea Kifaransa. Kiingereza kikaachiwa wakulima na wapishi, bila mwalimu wa kuwatolea kalamu nyekundu. Vitenzi vipya vilivyotoka Kifaransa vikaingia vikiwa vimevaa -ed, na vya zamani navyo vikaanza kuivaa mmoja mmoja.

Help ni mfano mzuri. Wakati wake uliopita ulikuwa holp, na Biblia ya King James ya 1611 bado ina holpen. Leo ukisema holp watu watadhani una kitu mdomoni. Laugh na climb pia zilikuwa kwenye kundi la kubadilisha irabu kabla hazijanyooshwa.

Mwaka wa 2007 watafiti wa Harvard (eeh, Harvard tena) walichapisha hesabu yao kwenye jarida la Nature. Walichukua vitenzi 177 ambavyo havikufuata njia ya -ed katika Kiingereza cha kale. Kufikia Kiingereza cha kati vilikuwa vimebaki 145. Leo ni 98. Kinachokilinda kitenzi ni matumizi: kile kinachotumika mara 100 chini ya mwenzake hunyooka mara 10 haraka zaidi. Ndiyo maana be, have na go bado zina vichwa vigumu. Kila mtu anazitaja kila siku, hakuna nafasi ya kuzisahau. Walikisia kwamba kitakachofuata kunyooka ni wed, yaani kuoa au kuolewa, kwa sababu siku hizi ni wachache wanaokitumia.

Ukiishia hapo utadhani hii ni hadithi ya vitenzi vikorofi kufa polepole. Sasa angalia dig. Ile Biblia ya 1611 inasema Isaka "digged" visima, kwa -ed, safi kabisa. Dug ndiyo iliyokuja baadaye ikamfukuza mwenyewe. Ring nayo ilikuwa ya -d zamani, ikaiga sing na kupata rang. Wear ikafuata swear ikapata wore. Yaani mtu aliyeenda kinyume na kanuni ndiye aliyeshinda, na leo mwalimu atakukata alama ukiandika digged. Snuck ilianza kuonekana kwenye maandishi ya Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na inapitia njia ile ile. Iko tu katikati ya safari, ndiyo maana bado inachekwa.

Hakuna aliyekaa ofisini akaitunga. Mwaka wa 1958 mtafiti Jean Berko aliwapa watoto wadogo vitenzi alivyovibuni mwenyewe. Kimoja kilikuwa gling. Watoto wengi wakabandika -ed na kuendelea na maisha. Watu wazima alipowapa neno hilo hilo, wengi wakaenda glang au glung. Sikio lilikuwa limeshazoea ring na sing, likachora njia peke yake.

Mtu ninayempenda zaidi katika mambo haya ni Dizzy Dean. Alikuwa mrushaji hatari wa besiboli pale St. Louis miaka ya 1930, kisha akawa mtangazaji wa mechi redioni. Shule aliiacha mapema sana. Kwake mchezaji hakuwa "slid", alikuwa "slud". Walimu wakalalamika kwamba anawaharibia watoto Kiingereza. Mashabiki nao wakazidi kumpenda, na mwaka wa 1953 akaingizwa kwenye jumba la magwiji wa besiboli. Mimi niliyeacha chuo namshabikia bure.

Lakini tusidanganyane, huo mchezo una bei tofauti kulingana na mahali uliposimama. Garner na Conan walibishana na hakuna aliyepoteza kitu. Huku kwetu, Ngũgĩ wa Thiong'o ameandika katika Decolonising the Mind, kitabu cha 1986, jinsi mtoto aliyenaswa akiongea Kigĩkũyũ shuleni alivyochapwa au kuvishwa kibao cha aibu shingoni. Vizazi vilivyofuata walikijua kama diski. Katika shule nyingi ungekipata hata kwa kuongea Kiswahili. Sasa fikiria mtoto huyo, amekatazwa lugha yake, anajaribu hii nyingine, anasema "goed". Darasa zima linaanguka kicheko. Kumbe "goed" inaonyesha ameshika kanuni barabara. Went yenyewe ni mgeni: iliibwa kutoka kwa kitenzi wend, baada ya go kupoteza wakati uliopita wake wa zamani. Hakuna mtoto angeweza kubahatisha hiyo.

Sheng ilitatua tatizo kwa kulipuuza. Inachukua kitenzi kizima, inakipachika -li- au -me-, basi. Alisneak. Hakuna wa kubisha. Tena kuna mahali imefanya utundu: tunasema "umelost sana, msee". Lost tayari ni wakati uliopita, lakini tumeigeuza shina na kuiongezea -me- juu. Mwingereza angeumwa kichwa. Nairobi inaelewa.

Halafu tusijifanye Kiswahili ni barabara iliyonyooka. Ni nilienda au nilikwenda? Vyote vinakubalika, na bado watu wanabishana. Na hiyo ku- ya kula na kuja ndiyo kivumbi. Kiswahili sanifu kinasema nilikula, kwa ku-, lakini sijala, bila ku-. Anakuja, lakini hajaja. Nairobi imechoka na hesabu hiyo. Sisi ni sijakula, hajakuja, nikikula, ku- kila mahali. Ni jambo lile lile lililoipata holp. Kinachonishangaza ni kwamba kula na kuja ni vitenzi vya kila siku. Kwa hesabu ya wale wa Harvard vingepaswa kuwa vya mwisho kunyooka. Nadhani ni kwa sababu wengi wetu bara tulikijua Kiswahili kama lugha ya pili, na anayejifunza akiwa njiani hupenda kanuni moja kuliko mbili.

Jaribu kumwambia mwenyeji wa Mombasa "sijakula". Chakula atakuletea, ila kwanza atakusahihisha.