Uhuru: Darubini ya Eksirei Iliyorushwa kutoka Ngomeni

Historia ya falaki, yaani elimu ya nyota na sayari, kwa kawaida huandikwa kwa kufuata miji yenye vyuo vikuu vikongwe na milima yenye darubini kubwa, na ni nadra pwani ya Kenya kutajwa ndani yake. Hata hivyo, tawi zima la elimu hiyo, lile linalochunguza eksirei zitokazo kwenye nyota na galaksi, lilipata msingi wake kuanzia tarehe 12 Desemba 1970, pale roketi ya aina ya Scout iliporuka kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini mbele ya kijiji cha Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ikiwa imebeba satelaiti yenye uzito wa takriban kilo 140. Satelaiti hiyo iliitwa Uhuru. Wengi wanaoitaja huikumbuka kwa siku ya kurushwa kwake au kwa habari za shimo jeusi zilizofuata, lakini ukiutazama kwa makini mwenendo wa kazi yake, utaona kwamba mchango wake mkubwa ulitokana na uchunguzi wa kila siku, uliorudiwa bila kuchoka kwa zaidi ya miaka miwili.

Eksirei ni mionzi ileile inayotumiwa hospitalini kupiga picha za mifupa. Ingawa inapenya nyama ya mwili, haiwezi kuvuka tabaka nene la hewa linaloizunguka dunia, na kwa sababu hiyo mtu aliye ardhini, hata akiwa na darubini bora kiasi gani, hawezi kuipokea kutoka angani. Mwezi Juni 1962, kundi la watafiti lililoongozwa na Riccardo Giacconi, mwanafizikia mzaliwa wa Italia aliyekuwa akifanya kazi Marekani, lilirusha roketi ndogo iliyobaki juu ya angahewa kwa dakika chache tu, na katika dakika hizo vifaa vyake vikagundua chanzo kikali cha eksirei katika kundinyota la Nge, ambacho baadaye kilipewa jina la Sco X-1. Kwa miaka iliyofuata roketi na maputo viliendelea kutumika, na hadi kufikia mwisho wa muongo huo vyanzo vilivyojulikana vilikuwa kiasi cha thelathini. Hata hivyo, roketi iliyoruka asubuhi na kuanguka kabla ya robo saa kupita haikuweza kueleza kama chanzo kilichoonekana leo kitakuwa vilevile kesho, wala haikuweza kutofautisha kitu kinachobadilika na kitu kilichopimwa vibaya. Giacconi na wenzake walikuwa wamependekeza tangu 1963 kwamba ijengwe satelaiti ya kuikagua anga yote kwa utaratibu, na pendekezo hilo ndilo lililozaa chombo kilichofikishwa Ngomeni.

Ngomeni ilichaguliwa kwa hoja za kisayansi. Jukwaa la kurushia lilikuwa karibu nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta, na dunia, inapojizungusha kuelekea mashariki, hukipa chombo kinachorushwa upande huo kasi ya ziada ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, msaada mkubwa kwa roketi ndogo kama Scout. Sababu ya pili ilikuwa na uzito zaidi kwa wanasayansi. Dunia imezungukwa na mikanda ya Van Allen, yaani maeneo ambamo chembe zenye umeme zimenaswa na usumaku wa dunia, na chembe hizo zikikipiga kifaa cha kupimia eksirei hukijaza ishara za uongo. Mkanda wa ndani hushuka chini zaidi juu ya Atlantiki ya Kusini, na satelaiti inayozunguka kwa kuifuata ikweta huliepuka kwa sehemu kubwa eneo hilo. Mzingo wa Uhuru, uliokuwa na mwinamo wa nyuzi tatu tu na kimo cha zaidi ya kilomita 500, ulikipatia chombo hicho utulivu ambao kisingeupata kama kingerushwa kutoka vituo vya Marekani vilivyo mbali na ikweta.

Kituo chenyewe kilikuwa kazi ya Waitalia. Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, aliyekuwa pia afisa wa jeshi la anga la Italia, ndiye aliyebuni wazo la kurusha satelaiti kutoka baharini, na tarehe 26 Aprili 1967 kundi lake lilifanikiwa kurusha satelaiti ya San Marco 2 kutoka hapo. Katika maji ya Ghuba ya Ungwana yalisimamishwa majukwaa mawili makubwa, yenye miguu ya chuma iliyoshushwa hadi sakafu ya bahari kama ya mitambo ya kuchimbia mafuta: la San Marco lilibeba roketi, na la Santa Rita lilikuwa na vyumba vya wahandisi walioongoza urushaji, huku nyaya zilizopitishwa chini ya maji zikiyaunganisha. Nchi kavu, katika rasi ambayo wakazi wake waliishi kwa uvuvi, ilijengwa kambi yenye antena za kuzungumza na vyombo vilivyo angani. Waitalia ndio walioirusha SAS-1, jina la Uhuru katika nyaraka za NASA, shirika la anga za juu la Marekani, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa satelaiti ya Marekani kurushwa na wataalamu wa nchi nyingine. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha mwaka wa saba wa uhuru wake, Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeusimamia mradi, alipendekeza jina la Kiswahili kwa heshima ya wenyeji.

Muundo wa darubini hiyo unahitaji maelezo, kwa sababu haukufanana na darubini zilizozoeleka. Haikuwa na kioo wala lenzi, na haikupiga picha. Ilikuwa na vyumba vya gesi vilivyopangwa pande mbili zilizopeana mgongo, na kila eksirei iliyoingia ndani ya gesi ilizalisha mpigo mdogo wa umeme uliohesabiwa na kuandikwa. Mbele ya vyumba hivyo palikuwa na vizuizi vya mirija ya chuma vilivyoruhusu eksirei kuingia kutoka upande mmoja tu wa anga: upande wa kwanza uliona ukanda wenye upana wa nusu nyuzi kwa nyuzi tano, na wa pili uliona eneo la nyuzi tano kwa tano. Satelaiti nzima ilijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa takriban dakika kumi na mbili, hivyo kila chanzo kilichokuwa katika njia yake kilipita mbele ya vyumba hivyo na kuacha alama ya hesabu zilizopanda kisha zikashuka. Vihisi vya jua na nyota viliandika wakati huohuo mahali chombo kilipoelekea, ili hesabu hizo ziweze kurejeshwa kwenye sehemu halisi ya anga.

Kazi ya kila siku ilitegemea maamuzi madogo yaliyotolewa ardhini. Wahandisi waliweza kutuma amri iliyopitisha umeme katika koili zilizomo ndani ya satelaiti, koili zikawa sumaku, na sumaku hiyo, kwa kuvutana na usumaku wa dunia, ikauinamisha mhimili wa mzunguko, kwa hiyo ukanda mpya wa anga ukafunguliwa kwa ajili ya ukaguzi. Waliweza pia kupunguza kasi ya kujizungusha pale chanzo fulani kilipohitaji kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Takwimu zilihifadhiwa katika kinasa cha utepe na kuteremshwa mara moja katika kila mzunguko wa dunia, uliochukua dakika 96, chombo kilipopita juu ya kituo cha Quito nchini Ekwado. Kutoka huko sehemu ya takwimu ilipelekwa haraka Cambridge, Massachusetts, ambako watafiti wa kampuni ya American Science and Engineering waliichambua na kuamua chombo kielekezwe wapi baadaye. Kinasa hicho kiliharibika katika miezi ya mwanzo, na tangu hapo takwimu zikapokelewa moja kwa moja pale tu satelaiti ilipokuwa ikionekana na kituo cha ardhini. Sehemu ya kila mzunguko ilipotea, lakini uchunguzi haukukatika, kwa kuwa ukanda uliokosekana leo uliweza kurudiwa siku nyingine.

Matunda ya utaratibu huo yalionekana mapema mwaka 1971 katika chanzo kiitwacho Cen X-3. Watafiti, wakiwemo Ethan Schreier na Harvey Tananbaum, waliona kwamba eksirei zake zilipiga kwa mdundo wa kila sekunde 4.8. Walipoendelea kukifuatilia kwa wiki na miezi, walibaini mambo mawili ambayo roketi ya dakika chache isingeyaonyesha kamwe: kwamba kila baada ya takriban siku 2.1 chanzo hicho kilifichika kwa kiasi cha nusu siku, na kwamba mdundo wake uliharakisha na kuchelewa kwa mpangilio huohuo wa siku 2.1. Maelezo yaliyokubaliana na dalili hizo yalikuwa mamoja tu, nayo ni kwamba kitu hicho kilikuwa kikiizunguka nyota nyingine kubwa, kikijificha nyuma yake, na kutukaribia kisha kutuondokea kwa zamu. Kitu chenyewe kilikuwa nyota ya nyutroni, yaani kiini cha nyota iliyokufa, chenye uzito unaozidi wa jua lakini upana wa kilomita ishirini hivi, na mionzi yake ilitupitia katika kila mzunguko kama mwanga wa mnara wa kuongozea meli.

Ufuatiliaji wa muda mrefu zaidi ukaonyesha kwamba mdundo huo ulikuwa ukizidi kuwa wa haraka kadiri miezi ilivyopita. Jambo hilo lilikuwa na maana kubwa, kwa sababu nyota inayotoa nguvu kutokana na mzunguko wake yenyewe hupunguza mwendo, haiongezi. Ilibidi basi nguvu hiyo itoke nje: gesi ya nyota kubwa ilikuwa ikivutwa na nyota ya nyutroni, ikaiangukia kwa kasi ya ajabu, ikapata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei, huku ikiisukuma izidi kuzunguka. Chanzo kingine, Her X-1, chenye mdundo wa sekunde 1.24 na mzingo wa siku 1.7, kilithibitisha maelezo hayo.

Chanzo cha Cyg X-1 kilileta swali zito zaidi. Eksirei zake zilibadilika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde bila mdundo maalumu, na kwa kuwa hakuna kitu kinachoweza kubadilika chote kwa haraka kuliko muda ambao nuru huchukua kukipita, ilikuwa wazi kwamba kilikuwa kidogo sana. Mwezi Machi na Aprili 1971 eksirei zake zilibadilika ghafla, na katika kipindi hichohicho chanzo cha mawimbi ya redio kikajitokeza katika eneo lilelile la anga. Kwa kuwa Uhuru ilikuwa imekipima chanzo hicho kabla na baada ya badiliko hilo, matukio hayo mawili yaliweza kuunganishwa, na mahali palipopimwa kwa darubini za redio pakawaongoza wanafalaki hadi kwenye nyota ya HDE 226868. Louise Webster na Paul Murdin nchini Uingereza, na Charles Thomas Bolton huko Toronto, kila upande kwa kazi yake, walionyesha kwamba nyota hiyo inazungukana na mwenzi asiyeonekana kila baada ya siku 5.6, na kwamba mwenzi huyo ni mzito mno kuwa nyota ya nyutroni. Ndivyo ulimwengu ulivyompata mgombea wa kwanza mwenye hoja madhubuti wa kuitwa shimo jeusi, yaani kitu ambacho uvutano wake hauruhusu hata nuru kutoka.

Sambamba na hayo, Uhuru ilionyesha kwamba makundi makubwa ya galaksi, kama lile la Perseus, yamejaa gesi yenye joto la mamilioni ya nyuzi, isiyoonekana kwa darubini za kawaida. Kazi ya satelaiti ilikoma Machi 1973, na orodha yake ya mwisho, iliyochapishwa mwaka 1978, ilikuwa na vyanzo 339. Giacconi alitunukiwa sehemu ya Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2002.

Majukwaa ya Ngomeni yaliendelea kutumika kwa muda. SAS-2, iliyochunguza miale ya gama, ilirushwa mwaka 1972, Ariel 5 ya Uingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975, kabla ya urushaji wa mwisho mwezi Machi 1988. Tangu roketi zilipokoma, kilichobaki hai ni antena za nchi kavu. Kituo hicho, ambacho leo kina jina la Luigi Broglio, kilipokea takwimu za satelaiti ya BeppoSAX iliyorushwa mwaka 1996, na kimewahudumia warithi wengine wa Uhuru, wakiwemo Swift ya mwaka 2004, NuSTAR ya mwaka 2012 na IXPE ya mwaka 2021. Kila mara chombo cha namna hiyo kinapopita juu ya Malindi, kina dakika chache tu za kukabidhi kilichokusanywa na kupokea amri mpya kabla hakijazama mashariki.

Historia hii ina mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba jiografia ya pwani ilikuwa sharti la mafanikio ya Uhuru, si pambo lake, na kwa hiyo Ngomeni inastahili nafasi katika vitabu vya shule vya Afrika Mashariki pamoja na bandari na miji mikongwe ya pwani hiyo. La pili linahusu mgawanyo wa kazi, kwa kuwa takwimu zilizowezekana kwa sababu ya ikweta zilisomwa na kufasiriwa mbali nayo, na elimu iliyotokana nazo ilichelewa kurudi. Mabadiliko yameanza: Kenya ilianzisha shirika lake la anga za juu mwaka 2017, na mwaka uliofuata satelaiti yake ya kwanza, iliyotayarishwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, ilianza kuizunguka dunia. Hata hivyo, rekodi ya Uhuru inaonyesha kwamba kurusha ni mwanzo tu. Ugunduzi wake ulitoka kwa watu waliokaa na takwimu siku baada ya siku, wakarudia vipimo na kuulizana maswali, na nchi inayotaka kuwa mshirika kamili katika elimu hii haina budi kuwasomesha na kuwaajiri watu wa kuifanya kazi hiyo.