Dhahabu ing'aayo yafichua sumu ya zebaki majini

DHAHABU inafahamika kwa rangi yake ya manjano na kwa thamani yake sokoni. Hata hivyo, madini hayo yakipunguzwa hadi kuwa vishada vya atomu chache tu, hupoteza rangi hiyo na kupata sifa mpya. Vishada hivyo, ambavyo wanakemia huviita nanoklasta, hutoa mwanga mwekundu vinapomulikwa kwa miale ya urujuanimno. Mwanga huo hufifia iwapo maji yaliyochanganywa navyo yana zebaki.

Sifa hiyo ina uzito wa pekee katika maeneo ambako dhahabu yenyewe ndiyo chanzo cha sumu. Wachimbaji wadogo, wakiwemo wa Migori nchini Kenya na Geita nchini Tanzania, hutumia zebaki kunasa dhahabu kutoka kwa udongo uliosagwa, kisha huichoma ili dhahabu ibaki. Ripoti ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao makuu jijini Nairobi, ilikadiria mwaka wa 2018 kwamba uchimbaji wa aina hiyo huchangia takriban asilimia 38 ya zebaki inayotolewa hewani na shughuli za binadamu duniani.

Zebaki ikifika mitoni na maziwani, bakteria huigeuza kuwa methili-zebaki, ambayo hujilimbikiza katika samaki. Mlaji huathirika ubongo na mishipa ya fahamu, na mtoto aliye tumboni ndiye huumia zaidi. Madhara hayo yalidhihirika mjini Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotokana na taka za kiwanda uligunduliwa rasmi mwaka wa 1956.

Siri ya mwanga huo imo katika udogo wa vishada vyenyewe. Mwaka wa 1857, mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alieleza kwamba chembechembe ndogo za dhahabu zikitawanywa majini huyapa maji rangi nyekundu kama yakuti. Chembechembe za aina hiyo bado huwa na maelfu ya atomu. Kishada kikiwa chini ya nanomita 2, yaani sehemu mbili za bilioni za mita, elektroni zake haziwezi tena kutembea huru kama zifanyavyo katika pete au mkufu. Hulazimika kukaa katika ngazi maalumu za nishati, na zinaposhuka kutoka ngazi moja hadi nyingine, nishati inayopotea hutoka kama mwanga.

Mwaka wa 2009, watafiti Jianping Xie, Yuangang Zheng na Jackie Ying wa Singapore walitangaza njia nyepesi ya kuvitengeneza. Walichanganya chumvi ya dhahabu na albumini, protini itokanayo na damu ya ng'ombe, wakaongeza sodiamu haidroksaidi, kisha wakauacha mchanganyiko huo kwa saa 12 katika nyuzijoto 37, joto la mwili wa binadamu. Protini hiyo ilifanya kazi mbili: iliigeuza chumvi kuwa dhahabu, na ikavifunika vishada vya atomu 25 hivi visigandamane.

Mwaka uliofuata, watafiti hao walionyesha kwamba ioni za zebaki huuzima mwanga huo. Juu ya kishada huwa na ioni za dhahabu ambazo elektroni zake za nje zimepangika sawa na zile za ioni ya zebaki, hivyo ioni hizo huvutana kwa nguvu. Waliweza kutambua zebaki ya kiasi cha mikrogramu 0.1 hivi katika lita moja ya maji. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na sheria za Marekani katika maji ya kunywa ni mikrogramu 2 kwa lita, mara 20 zaidi ya hicho.

Hata hivyo, mwanga kuzimika si ushahidi wa zebaki pekee. Sianidi, ambayo pia hutumiwa migodini, huiyeyusha dhahabu na kuzima mwanga vilevile. Aidha, zebaki iliyo katika nyama ya samaki haionekani hadi nyama hiyo iyeyushwe kwanza. Kwa sababu hiyo, kipimo hiki kinafaa kuchuja sampuli zinazotiliwa shaka, na mashine za maabara zithibitishe matokeo.

Vishada hivyo vina manufaa pia katika uchunguzi wa seli. Mwanga mwekundu hupenya nyama ya mwili vyema kuliko wa buluu, na dhahabu haina sumu kama kadimiamu iliyomo katika baadhi ya chembe nyingine zing'aazo. Vikiunganishwa na asidi ya foliki, huvutiwa na seli za saratani zenye vipokezi vingi vya vitamini hiyo, na kuzifanya zionekane kwa hadubini.

Udogo wao una faida nyingine: figo huweza kuchuja vitu vilivyo chini ya nanomita 5.5 hivi. Mwaka wa 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Dallas, Marekani, waliripoti kwamba zaidi ya nusu ya chembe ndogo za dhahabu ing'aayo, zilizofunikwa kwa glutathioni, zilitoka kwa mkojo wa panya katika muda wa saa 24. Chembe kubwa zaidi hunaswa na ini na wengu, na huweza kubaki humo kwa muda mrefu.