Watu 25 Walioitwa Burundi

Wazee wengi hapa kambini wakisikia muziki wa kompyuta wa vijana wa Kampala na Dar es Salaam, ule wa kasi, wa kupasukapasuka, wanasema huo siyo muziki, ni mashine ya kusaga imeharibika. Mimi sibishani nao. Lakini kuna jambo moja nimeona niliandike, maana hata wafanyakazi wa mashirika, tena wale wanaopenda muziki, wengi hawalijui. Mzizi mmoja wa kelele hizo umetoka kwetu Burundi, na ulichukuliwa mwaka 1967.

Mimi ni mtoto wa Buyenzi, Bujumbura, kule ambako Kiswahili ndiyo lugha ya nyumbani. Ngoma kubwa siyo za Buyenzi, ni za milimani, za Gishora na kwingineko upande wa Gitega. Sisi wa mjini tulikuwa tunazisubiri siku za sherehe tu. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na ingoma hiyohiyo ni utawala wa mfalme. Neno moja. Sasa mnaweza kuelewa ilikuwa hali gani tarehe 28 Novemba 1966, Kapteni Micombero alipomwondoa Mwami Ntare wa Tano na kutangaza jamhuri. Mfalme ameondoka, ngoma zimebaki na wapigaji wake. Mwaka uliofuata Mfaransa Michel Vuylsteke akaja na mashine ya kurekodi, na mwaka 1968 kampuni ya Ocora ya Ufaransa ikatoa santuri iitwayo Musique du Burundi.

Ndani yake kuna wapiga ngoma 25. Aliyewahi kuwaona anajua mpango wao. Katikati ni inkiranya, huyo ndiye anayeongoza na kubadilisha. Amashakwe wanashikilia mdundo mmoja bila kuachia, na ibishikizo wanamfuata inkiranya anakokwenda. Nadhani ni hawa amashakwe waliowaponza wenzao. Mdundo usiobadilika ni rahisi kuukata na mkasi: unakata kipande cha mkanda, unaunganisha mwanzo na mwisho, kinazunguka mpaka uchoke wewe. Inkiranya, mwenye maneno, unaweza kumwacha nje kabisa.

(Kwenye santuri hiyohiyo kuna mtu anaimba na inanga kwa kunong'ona, sauti yake unaisikia kama pumzi tu juu ya nyuzi. Kwangu mimi hicho ndicho kipande kikubwa kuliko vyote, na kinashinda majaribio mengi ya sauti ninayosikia leo. Lakini mnong'ono haukwenda disko.)

Ngoma ndizo zilizokwenda. Huko Ufaransa mwanamuziki Michel Bernholc alichukua rekodi ileile, akapachika magitaa na vinanda juu yake, akaitoa kwa jina la Burundi Steiphenson Black. Wimbo ukaitwa Burundi Black. Novemba 1971 uliingia kwenye chati ya Uingereza, ukafika nafasi ya 31. Watu wakacheza. Miezi michache baadaye, Aprili 1972, Burundi ikaingia kwenye mauaji ambayo wazee wetu wengi mpaka leo hawayataji kwa sauti, na wengine wakavuka kwenda Tanzania, wakaishia Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Sisemi mambo hayo mawili yanahusiana. Nasema tu kwamba jina la nchi yetu lilikuwa madukani kule Ulaya muda mfupi kabla watu wake hawajaanza kukimbia, na aliyelinunua hakuuliziwa wala hakuambiwa chochote.

Mwaka 1975 Joni Mitchell, mwimbaji wa Kanada, alitumia kipande cha ngoma hizo kwenye wimbo The Jungle Line, kikizunguka chini ya sintesaiza. Watu wanaoandika historia ya muziki wanauhesabu kati ya nyimbo za kwanza kabisa kujengwa kwa kipande kilichokatwa kwenye rekodi ya wengine. Kwenye jalada ngoma zile ziliandikwa kuwa ni ngoma za mashujaa wa vita. Vita gani? Zilikuwa ngoma za Umuganuro, sikukuu ya mtama, na za kumwamsha na kumlaza Mwami. Kisha ikaja 1980 na 1981, vijana wa London, Adam and the Ants na Bow Wow Wow, wakajaza redio kwa mdundo ambao magazeti yaliuita mdundo wa Burundi. Robert Palmer wa New York Times aliliona tatizo mapema. Mwaka 1981 aliandika kwamba wapiga ngoma wenyewe hawapati sehemu yoyote ya faida.

Muziki wa leo wa kelele na ule wanaouita brekikoo unafanya kazi hiyohiyo, ila kwa kompyuta na kwa kasi zaidi. Kipande cha ngoma kinakatwa vipande vidogo kama kachumbari, vinapangwa upya, vinapindwa. Kipande kilichotumika kuliko vyote ni cha sekunde sita hivi, kutoka wimbo Amen, Brother wa kundi la The Winstons la Marekani, mwaka 1969. Aliyepiga ni Gregory Coleman. Alifariki mwaka 2006 akiwa hana nyumba, na hakulipwa kwa hizo sekunde sita. Ni dhuluma, ndiyo. Lakini leo kijana yeyote wa brekikoo anajua kulitaja jina la Coleman. Wale 25 wetu utawatajaje? Jina lao ni Burundi.

Ndiyo maana nazifurahia kaseti na faili za Nyege Nyege Tapes ya Kampala, hata zile zinazoniumiza masikio. Sounds of Sisso ya mwaka 2017 ilikusanya singeli kutoka studio moja ya Mburahati, Dar es Salaam, midundo 200 na zaidi kwa dakika, na maprodyuza wanajulikana: Sisso, Bamba Pana, Jay Mitta. Duma wa Nairobi, wanaopiga kelele kwelikweli, walitoa albamu mwaka 2020, na unajua ni Martin Khanja na Sam Karugu. Hakuna aliyeandikwa "Tanzania" au "Kenya" halafu basi.

Kuna mzee mmoja hapa, fundi wa ngoma, aliniambia: mwanangu, ngoma haina mwenyewe, ni ya ukoo, ni ya kilima. Nakubali, Mzee. Basi kiandikwe kilima. Maana kitu kisichoandikwa mwenyewe, kila mtu anajifanya mwenyewe. Mwaka 2014 Unesco iliiweka ngoma yetu kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, tukashangilia. Oktoba 2017 likatoka agizo la rais: wanawake wasipige ngoma, vikundi vijiandikishe wizarani, na anayetaka ngoma kwenye shughuli yake alipe faranga 500,000. Nje wameichukua bila jina, nyumbani imewekewa kufuli.

Hapa kambini kufuli hilo halifiki. Wasichana wanapiga, na mmoja wao anashika inkiranya vizuri kuliko kaka zake. Mwezi uliopita vijana wa kompyuta waliwarekodi kwa simu, wakaanza kuwakatakata kwa programu ya bure. Nilisikiliza. Ilikuwa kelele, lakini nilimsikia inkiranya humo ndani, hawakumtoa. Faili waliliita "burundi drum 3". Nikawaomba waliite kwa majina ya waliopiga. Walikuwa 12, na simu ikakataa jina refu namna hiyo. Wakafungua daftari la hesabu, wakaandika majina 12 na kilima alichotoka kila mmoja. Wawili walizaliwa hapahapa, hawana kilima, basi wakaandikiwa zoni na bloku.