Nani Anaruhusiwa Kuingia Kwenye Kiini

Mwezi Mei 1999, kampuni changa ya Palo Alto, California, ilitoa programu iliyowashangaza hata waliozeekea kwenye kompyuta. VMware Workstation ilimwezesha mtumiaji wa Linux kufungua dirisha na ndani yake kuwasha Windows nzima, kuanzia maandishi ya kwanza ya BIOS. Kabla ya hapo, mwenye kutaka mifumo miwili aligawa diski, kisha akazima na kuwasha kompyuta kila alipotaka kuhamia upande wa pili.

Wazo lenyewe halikuwa geni. Wahandisi wa IBM huko Cambridge, Massachusetts, walikuwa na mfumo wa CP-40 ukifanya kazi tangu 1967, na mwaka 1972 kampuni hiyo ikatangaza VM/370. Ila zile zilikuwa mashine za kujaza chumba. Kompyuta za mezani zenye prosesa za x86 zilionekana haziwezi kazi hiyo, na sababu ilijulikana: prosesa ya Pentium ilikuwa na amri 17 zenye kuleta matatizo. Mojawapo ni POPF. Mfumo mgeni, yaani ule unaoendeshwa ndani ya mwingine, ukiitumia kujaribu kuzuia prosesa isikatizwe kazi, prosesa inalipuuza ombi hilo kimya kimya, bila kutoa kosa wala kuijulisha programu inayousimamia mfumo huo. Mendel Rosenblum, Diane Greene na wenzao wa VMware walilikwepa tatizo hilo kwa kuzisoma amri nyeti za mfumo mgeni na kuzibadilisha kabla hazijatekelezwa.

Kwa kazi ya namna hiyo, programu haikuweza kukaa juu juu kama kihariri cha maandishi. Sehemu yake moja, moduli iitwayo vmmon, ilibidi iingie kwenye kiini cha Linux, mahali penye mamlaka yote. Moduli ikikosea mle, kompyuta nzima inaganda. Ikiwa na hila, hakuna faili isiloweza kulifikia. Tangu hapo usalama wa kusakinisha programu hizi umeitegemea zaidi moduli hiyo kuliko dirisha lenye vitufe ambalo mtumiaji analiona: imetoka wapi, na nani kaithibitisha?

Miaka ile jibu lilikuwa la kubahatisha. Baada ya kusakinisha, mtumiaji aliendesha hati ya vmware-config.pl, nayo ikamuuliza saraka yenye faili za vichwa vya C zinazolingana na kiini chake iko wapi. Aliyejibu sawasawa aliona moduli ikikompailiwa. Ambaye kiini chake kilikuwa kipya kuliko programu aliambulia makosa tupu. Hapo ndipo jina la Petr Vandrovec lilipojulikana. Mcheki huyo, aliyekuwa chuo kikuu cha ufundi mjini Prague, alitengeneza kiraka kilichoitwa vmware-any-any-update, na watu wakakipakua kutoka kwenye seva ya chuo na kukiendesha kwa mamlaka ya msimamizi mkuu. Vandrovec alikuwa mtu wa kuaminika, na baadaye VMware yenyewe ilimwajiri. Lakini mazoea yale, ya kuchukua faili la mbali na kulikabidhi kiini chote, yalihitaji bahati nyingi.

Na bahati ina mwisho. Novemba 2003 wadukuzi waliingia kwenye seva kadhaa za Debian, mradi unaosambaza Linux. Hazina ya vifurushi ilipokaguliwa haikuonekana kuguswa, ila kila mtu alielewa kilichonusurika. Debian 4.0 ya Aprili 2007 ilikuja na apt, kisakinishi cha vifurushi, inayohakiki saini ya kidijitali ya hazina nzima, na kumwonya mtumiaji pale ufunguo usipojulikana. Umuhimu wa saini ulionekana tena Februari 2016, wadukuzi walipoivamia tovuti ya Linux Mint na kuelekeza kiungo cha kupakulia toleo la 17.3 Cinnamon kwenye faili lenye mlango wa nyuma. Namba za kuhakikia zilizokuwa kwenye tovuti ileile hazingetosha kumlinda mtu, kwa kuwa aliyeteka ukurasa anaweza kuziandika upya. Saini ya ufunguo uliofichwa kwingine ni habari tofauti.

Mwaka 2007 ulikuwa na mengine. Januari, kampuni ya Kijerumani InnoTek ilifungua msimbo wa VirtualBox, programu nyingine ya kuendeshea mifumo migeni, ambayo baadaye ingepita mikononi mwa Sun na kuishia kwa Oracle. Februari, Linux 2.6.20 ilitoka ikiwa na KVM, moduli ya kufanya hivyo hivyo, kazi ya Avi Kivity na wenzake wa Qumranet nchini Israeli. KVM ilitumia uwezo mpya ambao Intel na AMD walikuwa wameuweka kwenye prosesa zao mwaka 2005 na 2006, na moduli yake haikutoka nje: ilikaguliwa na kusambazwa pamoja na kiini chenyewe. Kwa mtazamo wa usalama, hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, hata kama VirtualBox ilipendwa zaidi kwa urahisi wake.

VirtualBox ilibaki na moduli yake ya nje, vboxdrv. DKMS, chombo kilichoanzia Dell, kiliikompaili upya kila kiini kiliposasishwa. Wasimamizi wa Linux hawakuifurahia. Mwaka 2011 Dave Jones wa Red Hat alipendekeza kiini kiitie alama ya takataka, akichoshwa na ripoti za hitilafu alizoamini chanzo chake ni moduli hiyo.

Kisha ikaja Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha kompyuta, iliyoenea pamoja na Windows 8 mwaka 2012. Kwenye Ubuntu, kuanzia 16.04, kompyuta iliyowashwa kwa ulinzi huo inakataa moduli isiyo na saini. Kwa hiyo anayesakinisha VirtualBox kutoka hazina ya Ubuntu anaombwa abuni nywila. Kompyuta ikiwashwa upya, skrini ya buluu inatokea na kusubiri sekunde 10. Mtumiaji anabonyeza kitufe, anachagua Enroll MOK, anaandika ile nywila, na ufunguo uliotia saini moduli unakubaliwa. Akizubaa, Ubuntu inawaka kama kawaida, na VirtualBox inamrudishia kosa rc=-1908. Wengi huamua kuizima Secure Boot, njia ya mkato inayofungulia mlango kila moduli nyingine.

Moduli ikishakubaliwa, mashine pepe, yaani kompyuta inayoigizwa kwa ajili ya mfumo mgeni, yenyewe si gereza kamili. Mei 2015 ilitangazwa kasoro ya VENOM ndani ya QEMU, programu ya kuigiza vifaa vya kompyuta: msimbo wa kuigiza kiendeshi cha flopi, uliokuwamo tangu 2004, ungeweza kumtorosha mshambulizi kutoka mfumo mgeni. KVM, Xen na VirtualBox zote ziliguswa, kwa kuwa zilitumia msimbo huo.

Linux 6.12 ya Novemba 2024 ilileta mgongano mpya. Moduli ya KVM sasa inaushika uwezo wa prosesa mara inapopakiwa, bila kungoja mashine pepe iwashwe. VirtualBox ikikuta nafasi imekwisha kushikwa hutoa VERR_VMX_IN_VMX_ROOT_MODE kwenye prosesa za Intel. Tiba ni kuiondoa kvm_intel kabla ya kuanza kazi, au kuongeza kvm.enable_virt_at_load=0 kwenye vigezo vya kuwashia kiini; wenye prosesa za AMD huondoa kvm_amd.