Usaili wa kazi kiwandani

Usaili wa kazi kiwandani ni mahojiano na majaribio anayopewa mwombaji wa kazi kabla ya kuajiriwa katika kiwanda.

Tofauti na usaili wa kazi za ofisini, mara nyingi huwa na sehemu ya vitendo. Fundi umeme anaweza kupewa mota mbovu atafute hitilafu, na mchomeleaji kuunganisha vipande vya chuma. Kwa hiyo mwombaji hujiandaa kwa kujifunza bidhaa za kiwanda, hatua za uzalishaji, utaratibu wa zamu na kanuni za usalama, kama vile kuzima na kufunga swichi kuu kabla ya kufungua mashine. Anayeanza kazi haraka bila kuchukua tahadhari hizo anaweza kukosa nafasi hata kama ana ujuzi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama kabila, dini, jinsia, ujauzito au ulemavu. Ulinzi huo unamhusu pia mwombaji ambaye bado hajaajiriwa. Hata hivyo, mwajiri anaruhusiwa kuchagua kulingana na mahitaji halisi ya kazi yenyewe.