Njia ya Maji: Upimaji wa Usafiri katika Fizi na Baraka

Katika miji mikubwa, wingi wa usafiri hupimwa kwa kuhesabu magari kwenye njia panda. Kipimo hicho hakitoshi kwa Fizi na Baraka. Barabara ya Taifa Na. 5 hupita huko, lakini njia kuu tangu zamani ni Ziwa Tanganyika. Mwaka 1858 Burton na Speke walipita kwa mitumbwi wakielekea Uvira. Burton akaidhani rasi ya Ubwari kuwa kisiwa, kosa ambalo Stanley alilisahihisha mwaka 1876 alipolizunguka ziwa.

Vita vya mwaka 1996 viliwavusha maelfu ya watu hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikaanzishwa mwaka huohuo. Ufukweni walikotoroka hapakuwa na karani wa kuwaandika. Kinyume chake, waliorejeshwa Baraka kwa meli na Umoja wa Mataifa kuanzia mwaka 2005 waliorodheshwa. Kwa hiyo kumbukumbu huonyesha marejeo kwa ukamilifu kuliko ukimbizi wenyewe. Mwanahistoria atakayetegemea orodha hizo, au hesabu ya magari, bila kusikiliza masimulizi ya wavuvi na wavushaji, ataiona Fizi kama Burton alivyoiona Ubwari: kisiwa kisichounganika na kwingine.