Waliochimba na Waliopiga Mstari: Sheria ya Visima katika Mpaka wa Kaskazini wa Kenya

Imezoeleka katika vitabu vya kumbukumbu vya mabwana shauri wa Kiingereza waliotumikia ile iliyoitwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, nchi iliyotanda tangu jangwa la Chalbi hata Wajir na Mandera, kusimuliwa kwamba nyika ile haikujua nidhamu mpaka alipofika afisa na askari wake wa ngamia kuwatenga Waborana na Wasomali. Waandishi waliokuja baadaye, ambao hapana shaka nia yao ilikuwa njema, wameigeuza hukumu bila ya kuibadili hadithi: husema kwamba afisa alibomoa pale alipodai kajenga, na mfugaji, katika kauli zote mbili, amebaki kuwa mtu wa kutendwa. Mimi nasema kwamba waliolitengeneza jangwa hilo, kabla ya boma lolote, ni wachimbaji wa visima na wasimamizi wa zamu za kunywesha, na burhani yake imo katika hati za dola zenyewe.

Juu ya undugu wa watu hawa wanazuoni hawagombani tena sana, maana Günther Schlee, katika kitabu chake cha mwaka 1989, alikwisha kuonyesha kuwa zipo koo zinazopatikana kwa Wagabra, Warendille na Wasomali kwa pamoja. Ugomvi uko katika swali la nani aliyeweka amri, na hapo sina budi kuanza kisimani.

Katika visima virefu vya Waborana, mathalan vya Dubluk upande wa Uhabeshi, ambavyo baadhi yake huzidi kina cha mita 20, vijana husimama mmoja juu ya mwenziwe, wakipokezana kwa kuimba okole, yaani ndoo ya ngozi ya twiga, hata maji yafike katika hodhi la udongo, ambako ng'ombe huteremka kundi baada ya kundi, bila ya kusongamana. Kisima hunasibishwa na aba konfi, yule aliyeanza kukichimba, na ukoo wake huwa na haki ya kutangulia, walakini yeye si mwenye maji kwa maana ya kuyauza; na siku kwa siku yuko aba herega, ambaye kazi yake ni kupanga nani anyweshe leo na nani angoje. Pana cheo, pana zamu, pana hukumu kwa mwenye kuvunja zamu. Kama hiyo si serikali ya jangwa, sijui tuiite nini.

Na ajabu ni kwamba dola zilikiri. Mkataba wa mpaka uliotiwa sahihi tarehe 6 Desemba 1907 baina ya Uingereza na Mfalme Menelik, baada ya kupiga mstari katikati ya malisho, uliwapa watu wa pande zote mbili ruhusa ya kulisha ng'ambo kama ilivyokuwa desturi, na kuvifikia visima bila ya kizuizi. Watu wa London na Addis Ababa hawakuzua haki hiyo. Waliikuta, wakaona kwamba mpaka usioikubali hautadumu hata msimu mmoja wa kiangazi. Tazama kadhalika jina la El Wak: kisima ni ceel kwa Kisomali na eela kwa Kiborana, na Waaq ni Mungu kwa jina lililotajwa na mababu wa wote wawili. Jina hilo ni kongwe kuliko ramani.

Nitaambiwa kwamba bunduki ilikuwa na nguvu kuliko zamu. Kwamba sotoka ya miaka ya 1890 iliteketeza ng'ombe. Kwamba sheria ya mwaka 1934 iliwapa mabwana shauri uwezo wa kuyaamuru makabila yalishe wapi. Na kwamba katika miaka hiyo ya 1930 Waborana walihamishwa kutoka Wajir hadi Isiolo. Sikatai hata moja. Lakini kuhamishwa huko kwaunga mkono hoja yangu, kwa kuwa Wajir si mahali ila kwa visima vyake, na serikali iliyotaka kumtoa mtu katika nchi iliona kwamba lazima kwanza imtoe kisimani. Aghalabu nguvu ngeni ilichukua amri iliyokuwapo na kumbadili mwenye kuishika. Kuiunda upya haikuweza. Huenda hukumu hii isifae kwa Waturkana, ambao mambo yao ya maji yana taratibu nyingine.

Kwa hiyo nawasihi wanafunzi wetu wa taarikhi waendao Marsabit, Moyale na Wajir, kabla ya kufungua majalada ya maafisa katika Nyaraka za Taifa huko Nairobi, wakae na wazee penye hodhi, waulize ni nani aliyekichimba kila kisima, na waliandike jina lake.